Fundi binafsi, kampuni au ushirika? Mwongozo wa kodi kwa wanaojitegemea mjini Gisenyi

Fundi wa umeme anapomaliza kutandaza nyaya katika nyumba ya wageni kando ya Ziwa Kivu, swali la kwanza analoulizwa na mhasibu si iwapo taa zinawaka. Huulizwa: inyemezabuguzi iko wapi? Akiwa hana namba ya mlipakodi wala risiti ya mashine ya EBM, mlipaji anatakiwa na sheria kumkata asilimia 15 ya ujira wake. Kazi aliyopatana kwa faranga 800,000 humwachia mkononi 680,000, na faranga 120,000 zilizobaki huenda kwenye hazina ya serikali.

Gisenyi ni mji wa watu wanaojitegemea. Wapo mafundi wa ujenzi, mabomba na seremala. Wapo wakalimani wanaofanya kazi na mashirika ya pande zote mbili za mpaka. Wapo waongoza watalii, wapiga picha, washona nguo, na wenye magari ya kukodi. Wengi wao huzungumza Kiswahili nyumbani na kazini, lakini karatasi za kodi huwajia kwa Kinyarwanda, Kiingereza au Kifaransa. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, ila msamiati wa kodi bado haujazoeleka vinywani mwa wanaokitumia.

Makala haya yanaeleza njia anazoweza kufuata mtu anayejitegemea, kodi inayomkabili katika kila njia, na makosa yanayowagharimu wengi. Viwango vilivyotajwa ni vya sheria ya kodi ya mapato namba 027/2022 ya tarehe 20 Oktoba 2022, pamoja na marekebisho yake ya Septemba 2023.

Nani hasa anajitegemea?

Jambo la kwanza ni kujua kama wewe ni mfanyakazi au mtoa huduma anayejitegemea, kwa kuwa kodi za hawa wawili ni tofauti.

Mfanyakazi hufanya kazi chini ya amri ya mwajiri. Hupangiwa saa za kuingia na kutoka, hutumia vifaa vya mwajiri, na hulipwa mshahara. Kodi yake hukatwa na mwajiri kila mwezi kabla ya mshahara kumfikia. Faranga 60,000 za kwanza za mwezi hazitozwi kitu. Kutoka 60,001 hadi 100,000 hutozwa asilimia 10. Kutoka 100,001 hadi 200,000 asilimia 20. Na kinachozidi 200,000 asilimia 30.

Kibarua naye ana kanuni yake. Huyu ni mtu afanyaye kazi isiyohitaji ujuzi maalumu wala mitambo, kwa muda ambao jumla yake kwa mwajiri mmoja haizidi siku 30 katika mwaka wa kodi. Faranga 60,000 za kwanza kwa mwezi hazitozwi kodi, na kinachozidi hapo hutozwa asilimia 15.

Anayejitegemea hupatana kazi kwa bei, huamua mwenyewe namna ya kuifanya, huja na vifaa vyake, na anaweza kuwa na wateja kadhaa kwa wakati mmoja. Hasara ikitokea ni yake, na faida ni yake. Huyu ndiye anayetakiwa kujiandikisha mwenyewe, kuweka hesabu mwenyewe, na kutangaza kodi yake mwenyewe.

Jina lililoandikwa juu ya mkataba silo linaloamua. Mtu anayeitwa mkandarasi lakini anaripoti kila asubuhi ofisini, kwa msimamizi mmoja, kwa malipo yaleyale ya kila mwezi, anaweza kuhesabiwa kuwa mfanyakazi. Hapo mwajiri hudaiwa kodi ya mshahara na michango ya hifadhi ya jamii ambayo hakuilipa. Kwa hiyo unapopewa mkataba wa namna hiyo, usome kwa makini kabla ya kutia sahihi: huenda mtoaji anakwepa wajibu wake, na wewe unapoteza pensheni na kinga ya ajali kazini.

Njia ya kwanza: kujiandikisha kwa jina lako

Njia iliyo nyepesi ni ya mfanyabiashara binafsi. Usajili hufanywa kwa mtandao kupitia Bodi ya Maendeleo ya Rwanda (RDB), na wakati huohuo mtu hupata namba ya mlipakodi, yaani TIN. Sheria inataka anayeanza shughuli ya kumpatia kipato ajiandikishe kwa kodi ndani ya siku 7 tangu alipoanza.

Katika njia hii mtu na biashara yake ni kitu kimoja mbele ya sheria. Pesa ya biashara ni yako, nawe unaweza kuitumia bila utaratibu wa ziada. Lakini deni la biashara nalo ni lako. Ukiharibu jengo la mteja au ukishindwa kumlipa aliyekukopesha saruji, mali zako binafsi zinaweza kufuatwa, hata kiwanja ambacho hakihusiani kabisa na kazi hiyo. Kwa fundi wa kazi ndogondogo hatari hii ni ya kuvumilika. Kwa anayejenga ghorofa, ni jambo la kumkosesha usingizi.

Njia ya pili: kampuni

Sheria ya makampuni namba 007/2021 ya tarehe 5 Februari 2021 inaruhusu mtu mmoja peke yake kumiliki kampuni yenye dhima ya kikomo. Maana yake ni kwamba kampuni inakuwa kama mtu mwingine: ina jina lake, mali zake, madeni yake na kesi zake. Mwenye hisa akishatoa fedha alizoahidi kuziweka, hadaiwi zaidi ya hapo kwa madeni ya kampuni, isipokuwa kama ameweka mali yake dhamana au ametenda udanganyifu.

Kinga hiyo ina bei yake. Kampuni lazima iwe na mkurugenzi anayeishi Rwanda, iwasilishe taarifa zake za kila mwaka kwa Msajili Mkuu, itangaze ni nani mmiliki wake halisi, na iwe na akaunti ya benki iliyotengwa. Pesa ya kampuni si pesa ya mwenye kampuni. Ukitaka kuitumia nyumbani, inakubidi ujilipe mshahara au ujigawie gawio la faida, na kila njia kati ya hizo ina kodi yake: mshahara hukatwa kodi ya kila mwezi, na gawio hukatwa asilimia 15.

Njia ya tatu: kuungana na wenzako

Watu wachache wenye kazi inayofanana wanaweza kuanzisha ubia, unaoongozwa na sheria namba 008/2021 ya Februari 2021, au ushirika, unaoongozwa na sheria namba 024/2021 ya Aprili 2021 na kusimamiwa na Wakala wa Ushirika wa Rwanda (RCA). Mpakani Rubavu ushirika umezoeleka, hasa miongoni mwa wachukuzi na wafanyabiashara ndogondogo wanaovuka kwenda Goma.

Faida ya ushirika ni nguvu ya pamoja: zabuni ambayo fundi mmoja hawezi kuibeba, kumi wanaiweza. Udhaifu wake ni kwamba uamuzi hutoka kwenye mkutano mkuu, ambako kila mwanachama ana kura moja bila kujali alichangia kiasi gani. Mwenye mtaji mkubwa asiyependa kuulizwa hatadumu humo. Nao ushirika si pazia la kujificha kodi: lazima ujiandikishe na utangaze kodi kama walipakodi wengine.

Kodi ya mapato hupimwa namna tatu

Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Kiasi cha kodi yako hakitegemei tu kama wewe ni mtu binafsi au kampuni. Hutegemea kwanza mauzo yako ya mwaka mzima, yaani pesa yote iliyoingia kabla ya kutoa gharama.

Kundi la kwanza ni la biashara ndogo kabisa, ambazo mauzo yake kwa mwaka hayafiki faranga milioni 12. Hawa hulipa kiasi maalumu kilichokwisha kupangwa:
– Chini ya milioni 2: hakuna kodi ya mapato.
– Kutoka milioni 2 hadi milioni 4: faranga 60,000.
– Zaidi ya milioni 4 hadi milioni 7: faranga 120,000.
– Zaidi ya milioni 7 hadi milioni 10: faranga 210,000.
– Zaidi ya milioni 10 hadi milioni 12: faranga 300,000.

Kundi la pili ni la mauzo kutoka milioni 12 hadi milioni 20. Hawa hulipa asilimia 3 ya mauzo yote, bila kuulizwa walitumia nini.

Kundi la tatu ni la mauzo yanayozidi milioni 20. Hawa hupimwa kwa hesabu halisi: mauzo, kutoa gharama zilizothibitishwa, hubaki faida inayotozwa kodi. Kampuni hutozwa asilimia 28 ya faida hiyo. Mtu binafsi hutozwa kwa ngazi: faranga 720,000 za kwanza za mwaka hazitozwi, kutoka hapo hadi 1,200,000 ni asilimia 10, hadi 2,400,000 ni asilimia 20, na kinachozidi ni asilimia 30.

Kuna jambo moja la kuangalia hapa. Wenye taaluma huru, kama mawakili, wahasibu na madaktari wanaotoa huduma kwa kujitegemea, hawahesabiwi katika makundi mawili ya kwanza. Wao hufuata hesabu halisi hata kama mauzo yao ni madogo. Anayetoa huduma inayosimama juu ya ujuzi wa kitaaluma, mkalimani akiwa mmojawapo, ni bora aulize mapema kwenye ofisi ya Mamlaka ya Mapato (RRA) amewekwa upande gani, kuliko kulipa kiasi maalumu kwa miaka mitatu kisha akadaiwa tofauti.

Hesabu inavyosema

Tuchukue fundi wa mabomba ambaye mauzo yake ya mwaka ni faranga milioni 9, na gharama zake milioni 3. Kwa kiasi maalumu atalipa 210,000. Kama angepimwa kwa hesabu halisi, faida yake ingekuwa milioni 6, na kodi ingekuwa 1,368,000. Kwa mtu huyu kiasi maalumu ni nafuu kubwa, na hana sababu ya kukikimbia.

Sasa tuchukue seremala mwenye mauzo ya milioni 16. Asilimia 3 ya mauzo ni 480,000. Kama mbao, misumari, rangi na mishahara ya wasaidizi humla milioni 12, faida yake ni milioni 4, na kwa hesabu halisi angetozwa 768,000. Asilimia 3 inamfaa. Lakini kama gharama zake ni milioni 14, faida ni milioni 2 tu, na kodi kwa hesabu halisi ni 208,000. Huyu anapoteza zaidi ya faranga 270,000 kila mwaka kwa kufuata njia ya mkato.

Sheria inamruhusu mwenye biashara ndogo kuchagua hesabu halisi kwa hiari. Lakini akishachagua, hawezi kubadili kwa muda wa miaka 3. Vilevile hesabu halisi inadai vitabu: kila gharama lazima iwe na risiti ya EBM, na gharama isiyo na risiti hiyo huchukuliwa kana kwamba haikutokea. Seremala anayenunua mbao kwa mtu asiyetoa risiti hataweza kuthibitisha hizo milioni 14. Kwake yeye nafuu ya hesabu halisi itabaki kwenye daftari tu.

Kwa upande mwingine, hesabu halisi ina jambo jema kwa aliyepata hasara. Hasara ya mwaka mmoja inaweza kubebwa mbele na kupunguza faida za miaka 5 inayofuata. Anayelipa asilimia 3 ya mauzo hulipa hata katika mwaka aliopata hasara.

Je, kampuni hupunguza kodi?

Huu ni uvumi unaosikika sana vijiweni: fungua kampuni, utalipa asilimia 28 badala ya 30. Hesabu haikubaliani nao.

Tuseme mkandarasi ana mauzo ya milioni 30 na gharama za milioni 18. Faida ni milioni 12. Akiwa mtu binafsi, kodi yake ni 3,168,000, kwa sababu sehemu ya kwanza ya faida haitozwi na sehemu zinazofuata hutozwa kidogo. Akiwa kampuni, ni asilimia 28 ya milioni 12, yaani 3,360,000. Na akitaka kuzitoa faranga 8,640,000 zilizobaki kama gawio, atakatwa tena asilimia 15, yaani 1,296,000. Jumla inafika 4,656,000.

Kodi ya mtu binafsi na ya kampuni hulingana pale faida ya mwaka inapofika faranga milioni 21.6. Chini ya hapo mtu binafsi hulipa kidogo zaidi. Juu ya hapo kampuni ndiyo hulipa kidogo zaidi, lakini kwa sharti kwamba faida ibaki ndani ya kampuni na kununua vifaa au kuajiri watu, isigawiwe. Mwenye kampuni anaweza pia kujilipa mshahara unaopunguza faida ya kampuni. Ila mshahara huo una kodi yake ya kila mwezi na michango ya hifadhi ya jamii: tangu Januari 2025 mchango wa pensheni ni asilimia 12, nusu kwa mfanyakazi na nusu kwa mwajiri, na katika kampuni ya mtu mmoja nusu zote mbili hutoka mfuko uleule.

Kwa hiyo sababu ya kweli ya kufungua kampuni si kodi. Ni kujikinga na madeni, kuingiza mshirika mwenye mtaji, kuaminiwa na benki, au kushindania zabuni kubwa. Asiye na hata moja ya sababu hizo atakuwa anabeba mzigo wa karatasi bila malipo.

TVA: kodi isiyokuwa yako

Kodi ya ongezeko la thamani, inayojulikana nchini kama TVA, ni asilimia 18. Lazima ijiandikishe kila biashara ambayo mauzo yake yamezidi milioni 20 kwa mwaka au milioni 5 katika robo ya mwaka, na usajili huo unatakiwa ndani ya siku 7 baada ya kumalizika kwa mwaka au robo hiyo. Aliye chini ya viwango hivyo anaweza kujiandikisha kwa hiari.

Kiwango cha robo mwaka ndicho kinachowanasa mafundi. Mtu anaweza kukaa mwaka mzima na kazi ndogo, kisha akapata kazi moja ya hoteli ya milioni 6 kati ya Julai na Septemba. Mauzo yake ya mwaka hayajafika milioni 20, lakini ya robo yamevuka milioni 5, naye amekwisha kuingia katika wajibu wa TVA bila kujua.

Mwenye kusajiliwa hukusanya TVA kwa wateja na kutoa ile aliyolipa kwenye manunuzi yake. Kwa kazi ya faranga 1,000,000 ataandika ankara ya 1,180,000. Akiwa alinunua vifaa vya 472,000, ambamo 72,000 ni TVA, atapeleka serikalini 180,000 kutoa 72,000, yaani 108,000.

Kosa linaloumiza ni kupatana bei bila kutaja TVA. Ukikubali kazi kwa milioni moja na mteja akaelewa kwamba TVA imo ndani, serikali itahesabu kuwa 152,542 kati ya hizo ni zake. Utabaki na 847,458 kabla hujanunua hata msumari mmoja. Kwa hiyo katika kila makubaliano sema waziwazi na uandike: bei hii ni pamoja na TVA, au bila TVA. Pesa ya TVA ikiingia, itenge. Ulishikishwa tu, na siku ya kuirejesha inajulikana.

Risiti ya EBM nayo haiwahusu wenye TVA peke yao. Hata aliye chini ya kiwango cha TVA anatakiwa kutoa risiti ya kielektroniki kwa kila mauzo. Programu ya EBM inaweza kuwekwa kwenye kompyuta au simu.

Makato yanayofanywa na mlipaji

Kama tulivyoona mwanzoni, anayelipa huduma hukata asilimia 15 iwapo mpokeaji hajasajiliwa kwa kodi, au amesajiliwa lakini hajatangaza mapato yake ya karibuni. Wajibu huu unayahusu hata mashirika yasiyolipa kodi ya mapato, kwa hiyo shirika la misaada linapokata asilimia hiyo halikuonei.

Kwenye zabuni za taasisi za umma kuna makato ya asilimia 3 ya ankara bila TVA. Mwenye cheti cha kutodaiwa kodi kutoka RRA huepushwa nayo. Wilaya ya Rubavu, shule za umma na vituo vya afya hutoa kazi nyingi za ukarabati, na kwa anayezitegemea cheti hicho ni zana ya kazi sawa na nyundo. Hakipatikani kwa mwenye tangazo la kodi lililosahaulika.

Aliyekatwa asidhani pesa yake imepotea. Aombe uthibitisho wa makato kutoka kwa mlipaji na auhifadhi, kwa kuwa kiasi hicho huhesabiwa kama kodi aliyokwisha kulipa anapofunga hesabu za mwaka.

Kazi ya ng'ambo ya mpaka

Wengi wa Gisenyi hupata riziki Goma. Mkaazi wa Rwanda hutozwa kodi kwa mapato yake yote, yawe yamepatikana Rwanda au nje. Sheria humhesabu kuwa mkaazi mtu mwenye makazi ya kudumu nchini, au aliyekaa nchini zaidi ya siku 183 ndani ya miezi 12. Kulala Gisenyi na kufanya kazi Goma hakumtoi mtu katika daftari la Rwanda.

Kama kodi imekwisha kukatwa upande wa Kongo, inaweza kupunguzwa kwenye kodi ya Rwanda ya mapato hayohayo, mradi kuna karatasi inayothibitisha. Fedha iliyopokewa mkononi bila karatasi yoyote haithibitishi malipo wala makato. Omba stakabadhi hata kama mteja ni rafiki.

Tarehe za kukumbuka

31 Januari: kodi ya leseni ya biashara, ipatante, ambayo ni mapato ya wilaya.
31 Machi: tangazo na malipo ya kodi ya mapato ya mwaka uliotangulia.
30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba: malipo ya awali ya robo mwaka kwa wanaohusika, kila mara robo ya kodi ikihesabiwa kutokana na mwaka uliopita.
Tarehe 15 ya mwezi unaofuata: TVA na kodi ya mishahara. Ambao mauzo yao hayazidi milioni 200 kwa mwaka wanaweza kutangaza TVA kila robo mwaka.

Kutangaza ni wajibu hata kama hukupata kazi. Tangazo la sifuri ni tangazo. Hapa ndipo ilipo hatari iliyojificha: kijana hufungua kampuni ili ashindanie zabuni moja, anaikosa, kisha anaisahau kampuni. TIN haikusahau. Faini za kutotangaza hujilundika mwaka baada ya mwaka, na siku anapotaka mkopo au zabuni mpya hukuta deni la biashara ambayo haikuwahi kumwingizia hata faranga moja. Anayesitisha kazi aende aombe TIN ifungwe, na asiondoke bila uthibitisho wa maandishi.

Usisahau uzee wako

Mfanyakazi hukatiwa pensheni na mwajiri. Anayejitegemea hana wa kumkumbusha. Tangu Desemba 2018 kuna mpango wa hiari wa akiba ya muda mrefu, EjoHeza, unaosimamiwa na Bodi ya Hifadhi ya Jamii (RSSB). Mtu hujisajili kwa simu kwa kubonyeza *506#, na huweka kiasi anachokiweza, kwa siku, wiki au mwezi. Bima ya afya ya jamii, mutuelle, nayo hulipiwa na familia yenyewe. Unapopanga bei ya kazi, ziingize gharama hizi mbili ndani yake kama unavyoingiza nauli.

Maneno utakayoyakuta kwenye karatasi

Umusoro ku nyungu ni kodi ya mapato kwa faida. Umusoro ku nyongeragaciro ni TVA. Umusoro ufatirwa ni kodi inayokatwa na mlipaji. Inyemezabuguzi ni ankara au risiti ya mauzo. Kumenyekanisha umusoro ni kutangaza kodi, jambo lililo tofauti na kuilipa: waweza kutangaza leo na kulipa kesho ndani ya muda uliowekwa, lakini kulipa bila kutangaza hakukuondolei wajibu.

Uamuzi kwa ufupi

Anayeanza, mwenye kazi ndogo na hatari ndogo, ajiandikishe kwa jina lake, atoe risiti ya EBM, na alipe kiasi maalumu. Mwenye mauzo kati ya milioni 12 na 20 akae na daftari lake, alinganishe asilimia 3 na hesabu halisi kabla ya kuchagua, akikumbuka kifungo cha miaka 3. Anayebeba kazi kubwa zenye hatari, au anayetaka mshirika, afikirie kampuni, ila asiifungue kwa kutarajia nafuu ya kodi kabla faida yake haijawa kubwa. Wenye kazi moja na mtaji mdogo watazame ushirika.

Kwa maswali, RRA hupokea simu bila malipo kwa namba 3004, na ofisi zake zipo pia Rubavu. Nenda ukiwa na TIN yako, mkataba wako na daftari la mauzo, na uulize kabla ya kutia sahihi.